Kanga Haijibu Hojaji

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaosomea uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, filamu, muziki au utamaduni katika vyuo vyetu hutakiwa kufanya utafiti mdogo kabla ya kuhitimu. Mada wanazozileta ni nzuri, na nyingine zina uzito wa kumtosha mtafiti mkongwe: nafasi ya wanawake katika habari za magazeti, singeli na vijana wa mitaa ya Dar es Salaam, uvumi katika makundi ya WhatsApp, wasimulizi wanaotia sauti ya Kiswahili juu ya filamu za nje, majina ya kanga. Mada hizi hazifanani hata kidogo. Lakini ukifungua sura ya tatu ya ripoti, ile inayoeleza mbinu za utafiti, mara nyingi unakuta kitu kilekile. Hojaji, ambayo wengine huiita dodoso, imegawiwa kwa watu kadhaa. Majibu yamehesabiwa, yamegeuzwa asilimia, na asilimia zimepangwa katika majedwali yenye safu za "nakubali kabisa", "nakubali", "sina hakika" na "sikubali". Mada iliyoanza na sura yake yenyewe imeishia kufanana na nyingine zote rafuni.

Sina ugomvi na hojaji. Ni chombo kizuri kwa kazi yake, na baadaye nitataja mahali ilipofanya kazi kubwa. Ila kazi yake ina mipaka: hojaji hupima yale ambayo mtu anayajua juu yake mwenyewe, anayakumbuka, na yuko tayari kumwambia mgeni. Katika vyombo vya habari na utamaduni, mambo mengi tunayotaka kuyajua hayaishi mahali hapo. Yamo katika magazeti, nyimbo na filamu zenyewe. Yamo katika matendo ambayo watu huyafanya bila kuyatafakari. Na mengine yamo katika yale wanayoyaficha kwa makusudi, kwa sababu kuyaficha ndiko kunakoyapa nguvu. Kwa hiyo ninaona kwamba katika fani hii hojaji haipaswi kuwa mbinu ya kwanza inayomjia mwanafunzi akilini. Inapaswa kujieleza kabla ya kuchaguliwa, kama inavyotakiwa kwa mbinu nyingine yoyote.

Tuanze na kanga, kwa kuwa ni chombo cha mawasiliano ambacho kila msomaji wa Kiswahili anakifahamu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi yanayokaa juu ya pindo la chini. Mwanamke dukani hulisoma jina kabla ya kutoa fedha. Anaweza kuivaa kanga hiyo mbele ya jirani aliyekosana naye, anaweza kumpelekea wifi yake kama zawadi, au anaweza kuivaa kwa sababu rangi zake zimempendeza tu. Rose Marie Beck, mtaalamu wa lugha ya Kiswahili aliyeichunguza kanga kwa kina, alionyesha kwamba nguvu ya chombo hiki imo katika utata wake. Ujumbe hufika, lakini aliyeupeleka hashikiki, maana muda wote anaweza kusema kwamba yeye kavaa nguo tu. Sasa mpelekee mwanamke huyo karatasi yenye swali, "Je, umewahi kuvaa kanga ili kumpasha mtu ujumbe? Ndiyo au Hapana." Hata kama jana alivaa kwa nia hiyohiyo, ana kila sababu ya kuweka alama kwenye Hapana. Wala hakumdanganya mtafiti kwa ubaya. Amefanya kile ambacho kanga humruhusu kukifanya, na jibu lake ni sehemu ya mawasiliano ambayo mtafiti alikuja kuyapima. Mtafiti anayehesabu alama hizo ataandika kwamba kanga imekoma kuwa njia ya kupashana, wakati karatasi alizonazo mkononi zinaonyesha kwamba kanga ingali inafanya kazi yake sawasawa.

Njia inayoufikia ukweli huo ni ndefu kidogo, lakini haimshindi mwanafunzi. Ahudhurie arusi tatu au nne akiwa na daftari, aone nani kavaa nini na nani kageuza uso. Akae na wauza kanga awaulize wateja huomba majina gani, na kwa shughuli zipi. Na anapofanya mahojiano, aulize juu ya kanga za watu wengine, kwa kuwa mtu anayekana nia yake mwenyewe huweza kusimulia bila shida kanga ya shoga yake ilimlenga nani. Jambo hilohilo limo katika taarabu. Kelly Askew, Mmarekani aliyeandika kitabu *Performing the Nation* mwaka 2002, alijiunga na wanamuziki wa Tanga akapiga nao. Huko aliweza kuona jinsi wasikilizaji wanavyotumia kutunza: mtu anainuka na noti yake kwenye ubeti fulani, anapita mbele ya mtu fulani, na ukumbi mzima unajua kuna jambo. Swali la asilimia ngapi ya hadhira hupenda taarabu lisingeweza kumfikisha hapo.

Kuna mambo mengine ambayo watu hawayafichi, ila hawayajui. Mwanafunzi anayetaka kujua vijana hutumia muda gani kwenye simu kwa kawaida huwauliza: chini ya saa moja, saa moja hadi tatu, zaidi ya tatu. Mwaka 2021 Douglas Parry wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, na wenzake walikusanya pamoja tafiti zilizolinganisha makadirio ya watu na kumbukumbu zilizohifadhiwa na vifaa vyenyewe. Waliona kwamba uhusiano kati ya kile watu wanachosema na kile walichofanya ni wa wastani tu, na ni nadra makadirio kuwa sahihi. Maana yake ni kwamba jedwali zima linaweza kujengwa juu ya kubahatisha kwa wahojiwa. Dawa yake iko ndani ya simu ileile: simu nyingi za kisasa zina ukurasa unaoonyesha muda uliotumika kwa kila programu, na mhojiwa aliyeridhia anaweza kuufungua na kuusoma. Wahojiwa 30 waliofungua ukurasa huo wana thamani kubwa kuliko 300 waliokisia.

Mfano mzito kuliko yote katika eneo letu ni redio ya Rwanda, na inafaa tukae nao kidogo, maana swali moja liliendewa kwa njia kadhaa na kila njia ikaona upande wake. Kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo Julai 1993, na wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 sauti yake ilisikika ikitaja watu na kuchochea wauawe. Dunia nzima iliuliza: redio iliua watu wangapi? Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoketi Arusha, ilikuwa na swali lake la kisheria: kilitamkwa nini, na nani anawajibika? Kwa swali hilo ushahidi ulikuwa ni kanda za matangazo na kurasa za gazeti la *Kangura*, na tarehe 3 Desemba 2003 ilitoa hukumu dhidi ya Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze. Huo ni uchambuzi wa matini, uliofanywa kwa uzito wa mahakama. Unaonyesha maneno yalisema nini. Hauonyeshi yalimfanya nini msikilizaji wa kilima fulani.

Scott Straus, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, aliingia magerezani akawahoji wafungwa 210 waliohukumiwa kwa kushiriki mauaji. Kwa umbo, mahojiano yake yalikuwa karibu na hojaji, kwa kuwa maswali yalipangwa mapema. Wengi wao hawakuitaja redio kuwa ndiyo iliyowatoa nyumbani. Walieleza kwamba walifuatwa na watu waliowajua, viongozi na majirani, ana kwa ana. Straus hakuishia kwenye maneno yao. Alilinganisha pia maeneo yaliyofikiwa na matangazo, tarehe za matangazo na tarehe za mauaji, na katika makala yake ya mwaka 2007 akahitimisha kwamba athari ya moja kwa moja ya redio ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Miaka saba baadaye, mwanauchumi David Yanagizawa-Drott alichapisha utafiti uliotumia vilima vya Rwanda vyenyewe. Mawimbi ya redio huzuiwa na milima, kwa hiyo vijiji viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana, kimoja kikasikia na kingine kisisikie, kwa sababu ya umbo la ardhi tu. Alipolinganisha vijiji hivyo na idadi ya watu walioshtakiwa baadaye, alikadiria kwamba kiasi cha asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji kilitokana na matangazo ya RTLM.

Msomaji anaweza kuona hapa mabingwa wawili wanaopingana. Mimi naona jambo lenye faida kubwa zaidi kwa mwanafunzi. Mfungwa anayesema "jirani alikuja kunichukua" anaeleza pingili ya mwisho ya mnyororo, ile aliyoiona kwa macho yake. Kama jirani huyo alikuwa amesikiliza redio usiku uliotangulia, mfungwa hana njia ya kulijua hilo, na hakuna swali lolote linaloweza kulitoa kwake. Ramani ya vilima, kwa upande wake, hunasa mnyororo wote kwa jumla, ila haijui ndani ya kijiji kilizungumzwa nini, nani alikubali na nani alikataa. Mbinu ya kwanza haikukosea, wala ya pili haikukosea. Kila moja ilijibu swali lake. Kosa lingekuwa kuchukua jibu la moja na kulitangaza kuwa jibu la nyingine, na hilo ndilo kosa linalofanyika kila mara ripoti ya mwanafunzi inapoandika "utafiti umethibitisha kwamba mitandao ya kijamii huathiri maadili ya vijana", hali kilichothibitishwa ni kwamba watu kadhaa walikubali sentensi inayosema hivyo.

Nchi hiyohiyo ina utafiti mwingine ambao ningependa kila msimamizi auweke mezani. Mwaka 2004 tamthilia ya redio iitwayo *Musekeweya* ilianza kurushwa Rwanda kwa lengo la kuhimiza maridhiano. Elizabeth Levy Paluck, mwanasaikolojia kutoka Marekani, alipanga jamii kwa bahati nasibu: nyingine zilisikiliza *Musekeweya* pamoja kwa mwaka mzima, nyingine zikasikiliza tamthilia ya afya. Alipowauliza imani zao binafsi, hakukuta mabadiliko makubwa. Kama angeishia kwenye karatasi ya maswali, angefunga kazi na kusema kipindi hakikufaa kitu. Lakini alifanya jambo la ziada. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio-kaseti na kanda za kipindi, watafiti wakatazama wanavyoamua namna ya kuvitunza. Vikundi vya tamthilia ya afya vilielekea kumkabidhi kiongozi mmoja na kuridhika. Vikundi vya *Musekeweya* vilijadiliana, watu wakatoa mawazo yanayotofautiana, wakatafuta njia ya kuvisimamia pamoja. Pia mtazamo wao juu ya yale yanayokubalika katika jamii yao ulikuwa umebadilika, ingawa imani za moyoni hazikusogea sana. Kwa hiyo kazi ya redio ilionekana katika majadiliano ya nani atunze kaseti, mahali ambapo hojaji yoyote isingefika.

Nimeahidi kuitendea haki hojaji, na mfano wake bora uko Tanzania. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha *Twende na Wakati*, tamthilia iliyomfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, pamoja na mkewe Tunu. Ilikusudia kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na Ukimwi. Ili kujua kama ilifanya kazi, mtambo wa Dodoma haukuirusha kwa miaka miwili ya mwanzo; ulirusha vipindi vingine badala yake, na eneo hilo likawa la kulinganishia. Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao, waliochapisha matokeo mwaka 1999, walitumia mahojiano ya maelfu ya watu, mwaka baada ya mwaka, ndani na nje ya Dodoma, na wakayapima majibu hayo kwa kumbukumbu za kliniki. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali tamthilia iliposikika, na baada ya Dodoma kuanza kuisikia mwaka 1995, huko nako yakaongezeka. Hapo maswali yaliyopangwa yalistahili kuaminiwa, kwa sababu yalikuwa na eneo la kulinganisha, yalirudiwa kwa miaka, na hayakuachwa bila shahidi wa pili. Mwanafunzi mwenye miezi mitatu na nauli ya daladala anaazima umbo la utafiti huo bila viungo vyake: anagawa karatasi mara moja, mahali pamoja, bila cha kulinganishia.

Hoja ya kwanza ninayoitarajia kutoka kwa wapinzani inahusu sayansi. Watasema utafiti bila sampuli kubwa na hesabu ni maoni tu, na ndiyo maana wanafunzi hufundishwa kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967: gawanya idadi ya watu kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linaloruhusiwa. Tuipige hesabu. Kwa kosa la asilimia 5, kata yenye watu 10,000 inahitaji wahojiwa 385. Mkoa wote wa Dar es Salaam, uliokuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, unahitaji 400. Hesabu yenyewe haina kosa. Ila kanuni hii inadai jambo moja ambalo ripoti hulipita kimya: kila mtu katika kata au mkoa huo awe na nafasi iliyo sawa ya kuchaguliwa, jambo linalohitaji orodha ya watu wote na bahati nasibu ya kweli. Mwanafunzi aliyesimama stendi na kuwapa karatasi waliokubali kusimama hana orodha wala bahati nasibu. Anao watu 400 waliokuwa stendi, wenye muda, wanaojua kusoma, na wasiomwogopa mgeni. Wingi hauponyi ubaguzi wa namna hiyo. Jarida la *Literary Digest* la Marekani lilikusanya karatasi zaidi ya milioni 2 kabla ya uchaguzi wa 1936, likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda, na Franklin Roosevelt akamshinda vibaya.

Isitoshe, anayependa namba hahitaji kuzitoa kwa watu. Magazeti, matangazo ya biashara, video na nyimbo vinahesabika, na havibadilishi jibu kumfurahisha mtafiti. Mradi wa kimataifa wa ufuatiliaji wa vyombo vya habari, unaojulikana kwa kifupi GMMP, umekuwa ukihesabu tangu 1995, kila baada ya miaka mitano, watu wanaotajwa na kusikika katika habari za siku moja duniani. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Namba hizo mbili zinasema mengi juu ya robo karne, na zilipatikana bila kumuuliza mhariri yeyote kama anawatendea haki wanawake. Mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret anaweza kufanya kazi ya namna hiyo kwa gazeti moja. Achague Jumatatu moja kutoka wiki moja ya mwaka, Jumanne kutoka wiki nyingine, na kuendelea hivyo mpaka apate wiki mbili zilizoundwa kwa siku zilizotawanyika. Daniel Riffe na wenzake, walioijaribu njia hii kwa gazeti la Marekani mwaka 1993, waliona kwamba wiki mbili za aina hiyo zinatosha kuwakilisha mwaka mzima wa gazeti la kila siku. Ni matoleo 14. Kabla ya kuanza, aandike kwa maneno yasiyo na utata anahesabu nini: je, mwanamke anayeonekana pichani bila kutajwa jina anahesabiwa? Kisha mwenzake asome sehemu ya habari hizo kwa kutumia maelezo hayohayo, walinganishe walipotofautiana. Hapo ndipo sayansi inapoingia, katika uwezekano wa mtu wa pili kufika kwenye jibu lilelile.

Hoja ya pili ni ya fedha na muda, na naiheshimu, kwa sababu mwanafunzi anayesoma kwa mkopo hana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Lakini hojaji si rahisi kama inavyodhaniwa. Kuchapa nakala 400 zenye kurasa nne ni karatasi nyingi, kuzigawa ni nauli, kuzifuatilia ni wiki nzima, na kuziingiza kwenye kompyuta ni wiki nyingine. Matoleo 14 ya gazeti yamo maktaba. Hata kazi ya historia iko karibu: gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza 1923, lina barua na mashairi ya wasomaji ambayo yangetosha tasnifu nyingi, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu maalumu ya machapisho ya Afrika Mashariki. Laura Fair alipoandika *Reel Pleasures*, kitabu cha 2018 juu ya majumba ya sinema ya Tanzania, alioanisha nyaraka na kumbukumbu za wazee waliokuwa wakienda kutazama. Wazee wa namna hiyo wapo karibu kila mji wa pwani, na kila mwaka wanapungua.

Halafu kuna wanaosema kwamba watu wachache hawawezi kuwakilisha wengi. Ni kweli, na mtafiti mwaminifu hatadai kwamba wanawawakilisha. Ien Ang, alipotaka kuelewa kwa nini watazamaji wa Uholanzi walivutiwa na tamthilia ya Kimarekani *Dallas*, alitia tangazo dogo katika jarida la wanawake akiomba barua. Alipata 42. Kwa barua hizo aliandika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1985 na kinachosomwa mpaka leo, maana hakuuliza wangapi wanapenda. Aliuliza kupenda kukoje. Aliona, kwa mfano, kwamba waliokipenda kipindi walijitetea kama watu walioshikwa na kosa, huku waliokichukia wakisema kwa kujiamini, na hiyo ikamfungulia mjadala mzima juu ya hadhi ya burudani ya watu wa kawaida. Mwanafunzi anayeandika juu ya watazamaji wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili angeweza kuomba ujumbe wa sauti wa dakika tatu kutoka kwa watu 30. Gharama yake ni bando la intaneti.

Wasimamizi wengine hujibu haya yote kwa kusema: changanya mbinu, fanya hojaji na mahojiano pamoja, hapo utakuwa salama. Ushauri huo hufaa pale mbinu ya pili inapojibu swali ambalo ya kwanza imeliacha wazi, kama kumbukumbu za kliniki zilivyoshuhudia maneno ya wasikilizaji wa *Twende na Wakati*. Kwa mwanafunzi mmoja, mara nyingi huzaa nusu mbili za kazi: hojaji isiyo na sampuli, na mahojiano sita yaliyonukuliwa mstari mmojammoja ili kupamba majedwali. Mbinu moja iliyofanywa mpaka mwisho inamfundisha zaidi.

Kuna jambo la lugha ambalo katika vyuo vyetu halizungumzwi vya kutosha. Mara nyingi mwanafunzi huandika pendekezo lake kwa Kiingereza, huandaa maswali kwa Kiingereza, huyatafsiri haraka kwa Kiswahili akiwa mbele ya mhojiwa, kisha hurudisha majibu kwenye Kiingereza. Kila safari inapunguza kitu. Muulize bibi anayesikiliza taarabu kwenye simu ya mjukuu wake kama anatumia "vyombo vya habari", na anaweza kusema hapana kwa moyo mweupe, kwa kuwa kwake habari ni taarifa ya saa mbili usiku. Maneno kama kijembe, fumbo, uhuni, maadili na heshima yamebeba nadharia nzima za mawasiliano ndani yake, na mtafiti wa utamaduni anayeyageuza kabla ya kuyachunguza ameitupa data yake bora. Maswali yaandikwe kwanza kwa lugha ya watakaoulizwa, yajaribiwe kwa watu watano, na majibu yahifadhiwe kama yalivyotamkwa.

Uchaguzi wa mbinu pia una upande wa haki. Kutazama na kusikiliza humweka mtafiti karibu na watu, na ukaribu huo una wajibu wake. Kundi la WhatsApp la wapangaji au la wazazi wa shule si gazeti la hadhara. Aliyeongezwa humo kama jirani hana ruhusa ya kunakili maneno ya watu kama mtafiti. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na ya Tanzania ilitungwa 2022. Vibali vya utafiti hupatikana kupitia NACOSTI Kenya na COSTECH Tanzania Bara, na Zanzibar ina utaratibu wake. Mwanafunzi aulizie chuoni mapema kibali gani kinamhusu, kwa sababu mbinu isiyoweza kupata ridhaa ya watu haimfai, hata kama ingempa jibu zuri.

Ombi langu ni kwa wasimamizi, kwani wao ndio wanaopitisha mapendekezo, na mwanafunzi huandika kile anachoamini kitapita. Safari ijayo mwanafunzi akileta mada, msimwombe sura ya tatu kwanza. Mwombeni swali lake kwa sentensi moja, kisha mwambieni aonyeshe jibu la swali hilo linakaa wapi: katika maneno ya watu, katika matendo yao, katika kurasa za gazeti, au katika kumbukumbu za wazee. Akishaonyesha mahali, mpeni ruhusa ya kwenda huko, hata kama atarudi bila jedwali.